Usifiche Sukari Ndani ya Soksi

Iko siku moja ya ujana wangu, mwanangu, ambayo haijanitoka kichwani mpaka leo. Usicheke. Najua wewe una miaka kumi na sita na mimi kumi na minane, tena ndevu zangu ni nne na zote nazijua kwa majina. Lakini wewe uko kidato cha nne hapo Jinja, unaungoja mtihani wa kuingia chuo cha ualimu, na mimi nakuandikia nikiwa ndani ya chuo chenyewe, Mbale. Kwa hiyo mimi ni mzee. Kaa chini.

Zamani hizo, yaani mwaka jana, hakuna aliyejua kuanza insha kama mimi. Wahenga walisema mwanzo wa ngoma ni lele. Basi mimi nilikuwa na lele tu, ngoma sina. Katika mtihani wa majaribio tuliulizwa faida za kufuga kuku. Nilianza na kuumbwa kwa dunia. Nilijaza kurasa tano kwa Kiingereza kizito, nikatoka darasani kifua mbele. Karatasi iliporudi, Mwalimu Nambozo alikuwa ameandika chini kwa wino mwekundu: "Mgeni huyu amepiga hodi kurasa nne. Mbona haingii ndani?"

"Mwalimu, hukuona kile Kiingereza?" nikamuuliza.

"Nilikiona," akasema. "Nilikuwa namtafuta kuku."

Darasa zima likalala kwa kicheko. Na mimi nilicheka, maana mcheshi akiacha kucheka watu watajua ameumia. Lakini niliumia. Mtihani wa chuo ni mmoja, nafasi ni chache, na baba yangu, konstebo, alikuwa ameshatangazia kambi nzima ya polisi kwamba mwanawe anakwenda kuwa mwalimu. Mimi nilijua, na Mwalimu Nambozo alijua, kwamba ni insha itakayoniangusha.

Siku moja kabla ya mtihani nilidandia lori la Barasa, dereva Mkenya aliyekuwa akipeleka mabati Mbale. Juu ya mabati tulikuwa watatu: mimi na akina mama wawili wa soko. Ningelala kwa shangazi yangu kule Nakaloke, karibu na Mbale, asubuhi nikafanye mtihani. Mama alinipa nusu kilo ya sukari nimpelekee shangazi. Sukari ya siku hizi unaijua mwenyewe, imeadimika, tunaisikia kama habari za jamaa aliyehamia mbali. Niliogopa kuulizwa habari za magendo, nikaifunga kwenye karatasi, nikaisukuma ndani ya soksi, na soksi nikaizika chini kabisa ya sanduku, chini ya vitabu. Nikajiona mjanja. Mficha uchi hazai, mwanangu, lakini nani alinikumbusha?

Mbele ya Iganga palikuwa na kizuizi. Askari watatu, na mkubwa wao sajini mmoja mzee wa kaskazini, mvi mpaka kwenye nyusi. Aliuliza kila mtu maswali yale yale. Akina mama walijibu kwa pumzi moja, wakamalizana naye. Akanifikia mimi.

"Wewe, toka wapi?"

Mtu mwenye akili angesema Jinja. Mimi niliwaona akina mama wananitazama, ulimi ukaniwasha.

"Afande, swali hilo ni pana. Binadamu hutoka kwa wazazi wake, na wazazi nao..."

"Kwenda wapi?"

"Mbele, afande. Kijana wa leo harudi nyuma."

"Beba nini?"

"Elimu."

Hakuna aliyecheka. Mama mmoja alijifunika uso na kanga. Sajini akasema polepole, "Shuka. Na sanduku yako."

Mwanangu, miaka hii tuliyomo, mtu akishushwa peke yake kwenye lori, walio juu huanza kusali. Sitaongeza neno hapo. Nilishuka na sanduku langu. Mtihani wa kesho niliuona unayeyuka barabarani kama mvuke. Sajini alimwaga sanduku lote kwenye majani: shati ndani ya kitabu, kitabu ndani ya suruali, mhogo wa kuchemsha ndani ya kila kitu. Akaiokota soksi. Akaipima mkononi. Akaifungua.

"Hii ndiyo elimu?"

Barasa angeweza kuondoka, mabati yake hayakuwa na kesi. Lakini alizima injini, akashuka, akasimama kando yangu.

"Kijana," alisema, "umeulizwa maneno matatu. Umejibu kumi, na yale matatu hayamo. Hebu mjibu afande!"

Nikajibu. "Natoka Jinja, kambi ya polisi. Naenda Mbale, mtihani wa chuo cha ualimu. Nimebeba nguo, vitabu, chakula, na sukari nusu kilo ya shangazi yangu."

"Eh!" sajini akasema. "Kumbe unajua kusema! Sasa panga. Nguo na nguo. Kitabu na kitabu. Chakula na chakula. Mimi nataka ona na macho, hapana chimba na mkono."

Nikapanga mafungu matatu pale kwenye majani, na sukari nikaiweka juu ya fungu la chakula. Alitazama kwa macho tu, mikono nyuma. Halafu akachota kiganja kimoja cha sukari kwa chai ya kizuizini, na iliyobaki akanirudishia. Baadaye nilikuja kuelewa: hata msahihishaji lazima akate maksi zake.

Tulifika Mbale salama. Asubuhi swali likaja: kijijini na mjini, wapi panamfaa mtoto kulelewa? Mkono wangu ulikuwa umeshaanza kuandika "Tangu dunia iumbwe". Nikausikia ule mchanga wa sukari ya jana kwenye vidole. Nikaweka kalamu chini. Jirani yangu alikuwa ameshageuza ukurasa, akaniangalia kwa huruma kama mtu anayepita msiba. Mwenda pole hajikwai. Nilichukua karatasi ya pembeni, nikajisimamisha kizuizini. Natoka wapi? Hapa swalini, si kwingine. Naenda wapi? Kijijini, ndilo jibu langu, na nitalisema mlangoni. Nimebeba nini? Nikapanga mafungu matatu: chakula, kazi za mikono, na majirani. Fungu la majirani ndilo lilikuwa sukari yangu, maana kwa bibi yangu, kijijini Budondo, nimewahi kuchapwa na watu nisiowajua hata majina, na wote walikuwa na haki. Nikaliweka juu, msahihishaji alione kwa macho. Niliandika kurasa mbili na nusu tu. Nilimaliza kabla ya kengele.

Majina yalipotoka, langu lilikuwamo. Mama alipiga vigelegele mpaka mbwa wa kambi wakajibu. Baba alivaa sare yake siku ambayo hakuwa zamu, akatembea nayo. Mwalimu Nambozo aliniuliza, "Kuku umempata?" Nikamwambia, "Nimempata, mwalimu, tena ametaga." Sioni haya kujisifu. Nimejisifu kwa watu wengi, wewe ni wa arobaini hivi.

Nilipokwenda kuanza chuo, sajini alikuwa pale pale. Toka wapi, Jinja. Kwenda wapi, Mbale, chuo cha ualimu. Beba nini, nguo, vitabu, na sukari hii hapa juu, afande. Alinitazama, nyusi zile nyeupe zikapanda.

"Mwalimu," akasema. "Pita."

Basi shika hili, mwanangu. Kabla hujaandika, simama, hata kama jirani anakimbia. Sema unakokwenda mwanzoni kabisa. Vya aina moja viweke pamoja, na ulichotaja mlangoni ndicho kikutwe sandukuni. Hoja yako tamu kuliko zote usiizike chini ya vitabu.

Mungu akupe kalamu isiyovuja na swali unalolijua. Akuwekee Barasa wa kuzima injini kwa ajili yako. Na kila anayesimama njiani mwako, akusikilize mara moja tu, kisha akuambie, pita.