Polo la Mwani

Yule mtafiti sikumwamini hata kidogo. Macho yake yaliingia ndani kabla hajapiga hodi. Eti katoka mjini Chake kutafuta namna ya kupunguza kufunga wagonjwa wa akili kamba. Nani kamwita? Kaka yangu, mgonjwa mwenyewe, alikuwa kakaa mkekani kimya, mikono huru. Kamba nilishaificha uvunguni.

"Sie hatumfungi, mwanangu," mama alimwambia.

Mgeni akaandika, lakini haondoki, anaangaza tu huku na huku. Ili amtoe, mama akachukua polo lake, gunia la kutilia mwani, akasema maji yameshakupwa, anakwenda pwani.

Kaka alipoliona lile polo aliinuka, akaenda mbele ya mama, akamnyooshea mikono yote miwili, kaibananisha, akangoja.