Madaftari ya Mtumba, Kutoka Uyole Hadi Igowole

Walisema sitafika hata Igawa. Wa kwanza kusema alikuwa fundi baiskeli jirani yetu pale Uyole, Mwaisaka, tena alisema mbele za watu: "Ambakisye, umekaa Lusaka miaka yote hiyo, umerudi kuokota makaratasi ya wanafunzi? Si bora ungeokota chuma, kinauzika!" Wakacheka mpaka mwenye kibanda cha chipsi akaacha kukaanga.

Niseme mapema kwamba nina stashahada ya uchapaji. Niliilipia mwenyewe, kwa kufagia kiwanda cha uchapaji kule Lusaka asubuhi na kusoma jioni, na hakuna mjomba aliyenisaidia. Mtu aliyepita njia hiyo akichekwa hanuni. Anafunga mizigo.

Sababu ya safari ilikuwa hii. Kila mwisho wa mwaka, shule ya sekondari iliyo karibu na nyumbani kwetu ilikuwa inachoma madaftari ya wanafunzi waliomaliza kidato cha nne. Nilipita pale moto ukiwaka, nikavuta daftari moja kwa kijiti, nikakuta zaidi ya nusu halijaandikwa. Nikaona kazi yangu hapo hapo. Karatasi safi ningezikata, nizishone, ziwe madaftari mapya ya kidato cha kwanza. Zilizoandikwa ningewapa wauza karanga wa Igawa wazikunje vifuko, waachane na vile vya plastiki ambavyo watoto huvitupa kila mahali.

Mkuu wa shule moja ya Igowole, Mwalimu Kihwelo, tuliyefahamiana naye harusini, alikubali shule yake iwe ya kwanza kununua. Akawaambia wazazi wa kidato cha kwanza wasinunue madaftari ya Biolojia na Jiografia, yangu yanakuja. Yaani alinibebesha jina lake.

Kabla ya kuondoka nilikopa kwa watu watatu. Madamu Sekela, mkuu wa shule iliyokuwa inachoma, alinikopesha madaftari yote ya zamani, akasema, "Sikupi bure. Nataka madaftari mazima, wanafunzi wangu nao hawana." Bwana Kantilal, mwenye duka la vifaa vya ofisi mjini Mbeya, alinikopesha mashine ya kukatia karatasi. Aliifuta vumbi kwa leso yake mwenyewe, akaniambia, "Bwana, hii ilikuwa ya baba yangu. Ikivunjika, wewe usirudi, pita njia nyingine." Nauli na uzi nilikopa kwa dada yangu Tumpe, hela yake ya viazi. Yeye aliihesabu mara mbili kabla ya kunipa, na hilo ndilo lililonitisha kuliko yote.

Siku ya kuondoka, mapema, nilipanda lori la mbolea nikiwa na mashine, magunia mawili ya karatasi safi na mawili ya zilizoandikwa. Uyole tuliiacha ikiwa na ukungu. Baada ya Chimala joto likaanza, mashamba ya mpunga yakatandaa upande mmoja, na mimi nikamsimulia dereva habari za mashine za Lusaka mpaka akawasha redio.

Igawa tulifika mvua ikimwagika. Mama Zawadi, muuza karanga niliyekuwa nimeahidiana naye, alikuwa amesimama chini ya mwavuli wa kampuni ya simu. Dereva alipiga honi bila kuchoka. Nikashusha magunia mawili haraka haraka.

"Haya ndiyo yenyewe, kaka?" akauliza.

"Yenyewe, mama. Kunja tu."

Makambako nilikula wali na maharage kwa raha, nikiwaza sura ya Mwaisaka siku nitakaporudi. Nyololo nikahamia gari dogo linalokwenda Igowole. Baridi ilinipokea barabarani, na udongo mwekundu ukaganda kwenye viatu vyangu vizuri.

Igowole, asubuhi yake, Mwalimu Kihwelo alinikaribisha kwa salamu ya huko, "Kamwene!", na chai ya maziwa, akanipa darasa moja liwe karakana. Wazazi walikuwa wameitwa waje kuona. Nikafungua gunia la kwanza, safi kabisa. Nikafungua la pili. Lilikuwa limejaa maandishi, juu mpaka chini.

Nilielewa mara moja. Pale Igawa nilishusha gunia moja sahihi na moja la karatasi safi, na saa hizo Mama Zawadi alikuwa ameshazikunja na kuzijaza karanga. Karatasi safi zilizobaki zingetosha nusu tu ya madaftari niliyoahidi, na Madamu Sekela angekosa kabisa. Shule ilikuwa inafunguliwa wiki hiyo. Mwalimu Kihwelo alinisogelea akanong'ona, "Ndugu yangu, wazazi hawa hawajanunua kitu. Nimewazuia mimi." Hakuwa na hasira. Alikuwa na hofu.

Wazazi nao hawakuwa vipofu. Mama mmoja akasema kwa sauti, "Kumbe ni madaftari ya mtumba! Nguo tumevaa, viatu tumevaa, sasa na daftari?" Wakaangua kicheko. Mwingine akaongeza, "Na mengine yameshavaliwa mpaka kwenye kola!"

Aliyekuwa hacheki ni seremala mmoja, Baba Ansila, ambaye binti yake alikuwa anaanza kidato cha kwanza. Alikuwa ameokota karatasi mezani, ameisogeza dirishani. Ilikuwa na mchoro wa moyo wa binadamu, mishale na majina yake, na chini alama ya vema ya wino mwekundu.

"Huyu mtoto alipata," akasema.

"Alipata, ndiyo," nikajibu.

"Ni wa Mbeya mjini?"

"Wa Uyole."

"Basi hii siirudishi. Hapa kitabu kimoja wanagombea benchi zima. Ansila atakaa na huyu."

Akaikunja akaitia mfukoni. Hapo ndipo akili iliyosoma ilipofanya kazi. Nilimwita mwalimu wa Biolojia na wa Jiografia, nikawaomba wakae na gunia lile lililoandikwa. Notisi za kidato cha kwanza zilizo sahihi ziwekwe huku, zenye makosa na za masomo mengine kule. Kila daftari nikalishona hivi: mbele notisi za mwanafunzi aliyepita, nyuma karatasi safi za mazoezi. Karatasi safi zikatosha, kwa sababu kila daftari lilihitaji nusu tu.

Kesho yake wazazi walewale walirudi wakakaa kwenye madawati wakisaidia kutia uzi. Yule mama wa mtumba alinishika shati: "Baba, la kwangu usiniwekee mwandiko mbaya. Nipe wa yule binti anayeandika kama amechapa." Nilimchagulia. Mwalimu Kihwelo alizunguka akiwa ameshika kiuno, na kwa mara ya kwanza tangu tufungue magunia nikamsikia akicheka.

Mgololo nilifika siku iliyofuata, kutafuta majalada. Karibu na kiwanda cha karatasi nilimpata mchuuzi wa mabaki ya karatasi ya kaki, vipande vya pembeni ambavyo wengi huwashia moto. Niliporudi tukayajalidi madaftari yote, ya Igowole na ya Madamu Sekela, yakawa rangi moja. Sijaona kazi safi kama ile hata Lusaka, na Lusaka nimeona kazi.

Siku ya kufungua shule nilisimama mlangoni nikiangalia yakigawiwa. Wanafunzi walibadilishana kwa kelele, kila mmoja akitaka mwenye michoro. Nikapumua mpaka tumboni.

Wakati wa kurudi nilishuka Igawa kumpa Mama Zawadi zile karatasi zenye makosa. Karanga zake zilikuwa ndani ya vifuko vyeupe pe. "Kaka, wateja wanasema nimepandisha hadhi!" akasema, akanipa karanga na kukataa hela.

Nilichojifunza ni kwamba daftari huisha pale mtu wa mwisho anayelihitaji anapomaliza kulisoma. Nilikwenda nikidhani nauza upande mtupu wa karatasi, kumbe ule ulioandikwa ndio uliokuwa na bei. Stashahada haikunifundisha hilo, ila iliniwezesha kulishona.

Mbeya nilianzia dukani kwa Bwana Kantilal. Aliikagua mashine kisu kwa kisu, akairudisha rafuni, kisha akaagiza chai mbili. Madamu Sekela alipokea madaftari yake, akafungua moja, akaita walimu ofisini waje waone mwandiko wa mwanafunzi wao wa zamani. Akasema mwaka huu hachomi hata karatasi moja. Njiani nilimpita Mwaisaka. Alishika pampu yake kwa bidii sana.

Wa mwisho alikuwa Tumpe. Malipo ya Igowole yalinitosha kumrudishia hela yake yote ya viazi. Aliipokea jikoni kwa mkono wenye unga, akaiweka chini ya kopo la chumvi, akanitazama.

"Umekonda," akasema. "Nenda kalale."

Nililala mchana kweupe, mlango wazi.