Albamu Iliyotembea kwa Miguu Hadi Ruiru

Habari za kifo cha yule dada mwimbaji wa Ruiru zilinikuta kwa kinyozi, upande mmoja wa kichwa ukiwa umenyolewa na mwingine ukingoja. Wasomaji wangu mnajua mimi si mtu wa kunyamaza, lakini hapo nilinyamaza mpaka kinyozi akadhani amenikata. Tulifahamiana Thika kwenye masomo ya jioni ya watu wazima. Mimi nilipigana na hesabu hadi nikapata cheti, na yeye alikuwa akipiga mdundo kwa vidole juu ya dawati mpaka mwalimu anasahau anafundisha nini.

Alituachia albamu moja tu, na hiyo moja inawashinda watu wenye makabati mazima ya tuzo. Ni pop ya kujitegemea kweli kweli: hakuna kampuni, hakuna meneja, ni gitaa, kinanda cha kuazima na chumba kimoja kule Mwiki, mablanketi yametundikwa ukutani ili jogoo wa jirani asijiunge na kiitikio. Nyimbo zote ni hadithi moja. Mama mmoja anafika kazini kwenye kiwanda cha nguo Thika, anakuta lango limefungwa na kazi imekwisha. Nauli anayo, lakini anarudi Ruiru kwa miguu, kwa sababu bado hajapata maneno ya kuwaambia watoto. Katika wimbo mmoja anawatazama wanafunzi wa chuo wakicheka pale Juja, katika mwingine anapumzika Kalimoni, na katika wa mwisho anabisha hodi kwenye mlango wa nyumba yake. Mama huyo ni mamake mwimbaji. Safari ile hakuwahi kuisimulia nyumbani. Mwanawe aliokota vipande kwa majirani, akaviunga kwa nyimbo, na haja yake ilikuwa moja tu, mama azisikie zote mpaka mwisho.

Sasa, mnajua uzinduzi wa albamu huku kwetu. Zikishaimbwa nyimbo mbili tatu, MC anazima muziki, mgeni wa heshima anapanda jukwaani, albamu inainuliwa juu na kunadiwa kama fahali, hotuba zinafuata, na nyimbo zilizobaki hazisikiki tena. Siku ya uzinduzi wake ukumbini Ruiru mama alikuwa ameketi mbele, mkoba magotini, kama mtu anayetafuta sababu ya kuondoka. MC aliposhika maikrofoni na mgeni kuanza kufunga vifungo vya koti, mama aliinuka. Binti hakuliachia gitaa.

"Kaa kwanza, MC," alisema kwa upole. "Huyu mama bado hajafika nyumbani."

Watu walicheka. MC akaanza kueleza kwamba mheshimiwa ana shughuli nyingine, lakini mheshimiwa mwenyewe akamkata: "Wewe keti bwana, nataka kujua kama atafika." Mama naye akaketi. Nawaambia, kuanzia hapo hata watoto wachanga waliahirisha kulia. Nimeona mengi maishani, ila sijaona ukumbi mzima ukitembea hivyo, kutoka Juja hadi Ruiru, bila mtu kuinuka kitini.

Wimbo wa mwisho ulipoisha, mama ndiye aliyemwambia bintiye, palepale alipoketi, "Lakini mlango haukuwa umefungwa, mami. Wewe ulikuwa umesimama hapo nje na sweta yangu. Ulikuwa mdogo, huwezi kukumbuka."

Binti akamuuliza mama alimwambia nini siku ile.

"Mimi sikusema kitu. Wewe ndiye ulisema, 'Leo umerudi mapema.' Ukafurahi."

Binti alirudi Mwiki, akaurekodi upya wimbo wa mwisho. Ukiusikiliza leo hakuna kubisha hodi. Kuna mtoto anayekimbia nje akishangilia kwamba mama amerudi mapema. Mimi huwa simalizi wimbo ule nikiwa mbele ya watu. Siku hizi tunajua kiitikio tu cha kila kitu. Mtu hajafika katikati tushampa pole, tushamnyang'anya maikrofoni. Dada huyu alinifunza kumwacha anayesimulia amalize, kwa sababu huenda mwenye mwisho wa hadithi ameketi hapo hapo, ameubeba miaka yote, na hajawahi kuulizwa.