Pikapu Iliyopiga Chafya

Kaka yangu, fundi magari, mtaani kote anaitwa Inaingia, na jina hilo hakupewa kwa kupendwa. Mpelekee skrubu ya saa na tundu la trekta, atavitazama vyote viwili kwa huruma, atapandisha miwani yake, ambayo mkono mmoja ni wa miwani ya wifi yangu, kisha atasema, "Inaingia." Nyumbani kwake jiko linawashwa kwa kitufe cha redio. Mlango wa chumbani zamani ulikuwa wa duka la dawa, na umeandikwa SUKUMA upande ule unaotakiwa kuvuta. Wifi amekwisha kuuzoea, wageni bado.

Mimi naoka mikate, na kila alfajiri isipokuwa Jumapili pikapu yangu huipeleka hospitali, juu kilimani. Bila hospitali tanuri langu lingebaki kuwa kitanda cha paka. Mtunza stoo wa pale ni mtu mkavu, na alinionya mapema: siku mikate ikichelewa chai ya asubuhi, kazi anampa mwingine. Ndiyo maana Jumamosi nilipompelekea kaka pikapu nilimtamkia taratibu, kama anayemsomea mtoto: "Badilisha oili. Basi." Ila wakati natoka nikaropoka kwamba siku hizi kilima kinaitoa jasho.

Hilo ndilo alilolisikia. Oili hakuisikia kabisa.

Alikwenda kwenye vyuma chakavu akarudi amekumbatia supachaja, ile pampu nzito ya kusukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini, yenye rota mbili nene zinazozungukiana bila kugusana. Ilitoka kwenye lori, na huko ilizungushwa na gia. Gia zenyewe hazikuwepo. Mtu mwingine angeona hiyo ni sababu ya kuiacha. Kaka alichukua puli ya mashine ya kusaga nafaka, mkanda wa pampu ya maji, na rola ya kukaza mkanda aliyoing'oa kwenye mashine ya kufulia. Tundu la puli lilikuwa pana, shafti nyembamba, akajazia bushi ya kipande cha bomba la maji. Mkanda ulikuwa na meno, puli haina hata jino moja.

"Meno ni mapambo tu," alimwambia kinyozi wa jirani, ambaye alikubali kwa sababu hajui lolote.

Kisha, ili pampu ikae vizuri, akaikata kwa grainda njia ya zamani ya kupitishia hewa kwenye injini. Njia ya kurudi nyuma akawa ameimaliza.

Jumapili mchana nilikwenda kuchukua gari langu lenye oili mpya, nikakuta nusu ya mtaa imekusanyika gereji. Kwenye boneti kulikuwa na shimo, na shimoni limechomoza lile dude.

"Kaka! Umeifanya nini pikapu yangu?"

"Mdogo wangu, shukrani utanipa baadaye."

Akatoa leso, akaitandaza juu ya mdomo wa supachaja. "Tazameni itakavyomezwa," akatangaza, akawasha.

Leso haikumezwa. Iliruka juu, na nyuma yake likafuata wingu la petroli lililomwosha kinyozi uso mzima.

"Fundi," alisema kinyozi akijifuta, "gari lako limepiga chafya."

Pampu ya aina hii haina ubishi. Izungushe upande mmoja, inasukuma hewa ndani. Izungushe kinyume, inaivuta kutoka ndani na kuitema nje. Mkanda wa kaka uliizungusha kinyume na zile gia za lori. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Kaka alisema inasafisha koo, akawasha tena. Bushi ikapasuka, mkanda ukapanda juu ya puli, ukachomoka na kuichapa rejeta. Maji yakamwagika mpaka kwenye viatu vyangu. Sitayaandika niliyomwambia, maana watoto nao husoma.

Alfajiri nilipakia mikate kwenye mkokoteni wa kuazima. Nilikuwa na hasira ya kutosha kuuvuta peke yangu, lakini kaka alitokea bila kuitwa, akauwekea kifua kwa nyuma, akausukuma njia nzima. Tulifika juu jua limeshatoka.

"Nilikuambia, mama," mtunza stoo alisema akiwa mlangoni. "Wagonjwa wamekunywa chai kavu. Kuanzia kesho usijisumbue."

Nilifungua mdomo, machozi yakanitangulia.

"Si yeye," kaka alisema, pumzi zinamkatika. "Gari niliharibu mimi. Aliniambia nibadilishe oili, na hata hiyo oili sikuibadilisha."

Tangu nizaliwe sijawahi kumsikia akikubali kosa. Nilitaka kumkumbatia na kumzaba kofi, vyote pamoja.

Mtunza stoo alimkagua kuanzia miwani hadi viatu. "Wewe ni fundi?"

"Ndiyo."

"Na unakiri mbele za watu kwamba umeharibu?"

"Nimeharibu."

Yule mtu mkavu alilainika mbele ya macho yangu. Aliniambia nishushe mikate, na kesho nijitahidi kuwahi. "Miaka yote natafuta fundi mkweli," alisema, akatoa funguo mfukoni. "Gari langu lipo pale nyuma, breki zinasumbua. Nakuachia wewe."

Nilizidaka zile funguo kabla kaka hajanyoosha mkono.