Pua ya Teodora

Nilikuwa nauza majiko ya gesi Nyegezi, na mdomo wangu haukuwa na breki. Kila aliyesema "nitafikiria" nilimwita mshamba. Wa kwanza kwa ushamba, kwa hesabu yangu, alikuwa Teodora, mjane anayekausha samaki kwa moshi kule ziwani mwaka wa thelathini sasa. Binti yake alimnunulia kwangu jiko na mtungi. Miezi minne vimekaa sebuleni, vimefunikwa kitenge, na yeye yuko na kuni zake.

"Shikamoo mama. Unaogopa nini jamani?" nilimuuliza nilipokwenda mara ya tatu.

"Marahaba. Litalipuka."

"Halilipuki hivi hivi. Likivuja utasikia harufu, unafunga, basi."

Akapangusa mikono kwenye khanga. Nikajua nimemshinda. Nikabeba mtungi hadi jikoni, nikaunga mpira, nikamwonyesha kuwasha na kuzima, nikaenda zangu.

Kesho yake mchana nikapita kumwangalia. Mlangoni tu gesi ikanikaba koo. Alijaribu kuliwasha, likamshinda, akaacha swichi wazi na kurudi kwenye mafiga. Nilimkuta amechuchumaa, kuni zimepangwa, njiti ya kibiriti iko mkononi.

Sikupiga hodi. Nilimpokonya kile kibiriti, nikafunga mtungi, nikamvuta nje. Nikakaa chini mchangani.

"Mama, hukusikia harufu?"

Akatazama kwanza kama wanunuzi wa samaki wako mbali.

"Sisikii. Moshi uliimaliza pua yangu zamani. Samaki namjua kwa kumbonyeza na kumwangalia mashavu. Lakini nani atanunua kwa mtu asiyesikia uvundo? Usimwambie mtu, mwanangu. Nitakufa njaa."

Nikaapa. Jiko nikalirudisha ofisini siku ile ile, na kwenye fomu, pale panapoulizwa sababu, nikaandika: mteja hajazoea teknolojia. Niliona aibu. Mara zote tatu nilimuuliza anaogopa nini, na jibu lake la kweli sikulisubiri.

Jioni nikaenda kwa jirani yake Wilhelmina, mkaushaji mwenzake, aliyenunua jiko kwangu mwaka jana. Tulisalimiana. Nikauliza kama mtu anayepiga soga tu, jina la Teodora sikulitaja.

"Mama, harufu unasikia vizuri?"

Wilhelmina aligeuka kwanza, akatazama kama wanunuzi wako mbali.

Kwenye safu ile ya wakaushaji nimeuza majiko kumi na moja.