Kiingereza Nilichookota kwenye Taarifa ya Habari

Mwalimu wetu wa Kiingereza pale Fairfield, hapa Australia, alikuwa mama mpole, miwani yake ikining'inia kifuani kwa kamba. Saa zetu za masomo ya bure zilipokwisha, alituaga kwa ushauri mmoja: tusikilize redio, tutazame habari na filamu, tusome vitabu. "Lugha iko kila mahali," alisema. "Iacheni iingie." Nilimwamini kama mgonjwa anavyomwamini daktari. Nilikuwa na miaka thelathini na tisa, nimetoka kambi ya wakimbizi kule Kigoma na mume na binti mmoja, na nilikuwa nimechoka kuwa mtu mzima anayechekacheka kila anaposemeshwa.

Nilianza kesho yake. Asubuhi nilisikiliza taarifa ya habari ya redio huku nachambua maharage. Jioni nilitazama habari kwenye televisheni, na kila neno jipya nikaliandika kwenye daftari ambalo binti yangu alilitumia nusu tu shuleni. Baada ya miezi michache nilijua kusema kwa Kiingereza kwamba waziri amekanusha tuhuma, kwamba moto umedhibitiwa, kwamba mvua kubwa inatarajiwa pwani. Mtangazaji alitamka kila neno taratibu, kama mtu anayehesabu mayai. Nilimwelewa, nikajiona nimefika.

Siku moja nilikuwa kituoni Parramatta, habari zikiingia masikioni na mimi nikiitikia kwa kichwa. Kipaza sauti cha kituo kikasema jambo. Watu wote walionizunguka wakanyanyua mizigo yao na kupanda ngazi. Mimi nilibaki nimesimama. Treni yetu iliondoka kwenye njia nyingine, nami nimeachwa peke yangu, nikijua kila kitu kuhusu bei ya mafuta.

Vitabu navyo vilinitoa jasho. Kwenye maktaba ya Merrylands, karibu na kwetu, nilichagua vitabu vya watoto kwa sababu ndivyo nilivyoviweza. Bibi wa maktaba akatabasamu na kuniuliza mtoto ana umri gani. Nilimjibu ana miaka minane. Binti yangu wakati huo alikuwa na kumi na minne na alikuwa anasoma vitabu vinene kama tofali. Niliona aibu kumdanganya yule bibi, lakini ningeona aibu zaidi kumwambia kwamba mtoto mwenyewe ni mimi.

Filamu ndizo nilizozipenda. Nilichagua za kipelelezi, zenye maandishi chini ya picha, kwa sababu polisi huuliza swali lilelile mara nyingi. Kila sentensi nilisimamisha, nikaandika, nikaendelea. Filamu moja ilinichukua wiki nzima. Mume wangu, ambaye anafanya kazi kwenye ghala na hurudi amechoka, alikaa nami mara mbili tu.

"Mama watoto," aliniuliza siku ya pili, "huyu mtu atakufa lini? Tangu jana bastola iko kichwani."

"Kama hutaki kujifunza, kalale."

Akaenda kulala kweli.

Basi ni katika filamu hizo nilipookota neno "crook". Polisi walilitumia kwa wezi na matapeli. Nililipigia mstari mara mbili.

Wakati huo nilikuwa nimepata kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Nilianza kwa kufua, kisha nikasomea cheti cha uhudumu na kupewa kazi ya kuwaosha, kuwavisha na kuwalisha. Zamu ilianza saa moja asubuhi kwa nesi wa zamu kutueleza hali ya kila mzee. Alizungumza haraka, mdomo haufunguki, na nusu ya maneno aliyakata mikia. Wenzangu waliitikia, nami nikaitikia. Niliokota nilichoweza.

Asubuhi moja, katika maelezo hayo, alifika kwa mzee wa chumba cha mwisho, aliyekuwa fundi wa reli zamani, mtu wa mzaha na kelele. Nesi akasema leo mzee huyo ni "a bit crook", nimwangalie vizuri. Neno langu! Moyo uliruka kwa furaha, kisha ukashuka. Kumbe huyu mzee ni mwizi? Ameiba nini, na katika umri ule? Lakini sikushangaa sana, maana kwenye filamu pia mwizi huwa yule usiyemdhania.

Nilimwangalia kama nilivyoagizwa. Kwanza nilifungia simu na mkoba wangu kabatini. Kisha kila baada ya muda mfupi nilikwenda kusimama mlangoni kwake. Alikuwa kitini, kimya, blanketi hadi shingoni, mikono imefichwa chini yake. Chai aliikataa. Nikasema moyoni: anaficha kitu.

"Naomba nione mikono yako," nilimwambia kwa Kiingereza, kwa sauti ya wapelelezi wangu.

Akaitoa polepole. Ilikuwa inatetemeka. Nikadhani ni hofu ya mtu aliyekamatwa. Alinong'ona kitu ambacho sikukielewa, nami sikumwomba arudie. Nilirudi mlangoni.

Saa tano nesi alipita. Alimgusa paji la uso, akageuka na kupaza sauti kuita wenzake. Mzee alikuwa anaungua kwa homa. Gari la wagonjwa lilifika, wakamweka kwenye machela, na mimi nikawa nimesimama ukutani nimekumbatia taulo.

Nesi alinifuata. "Nilikwambia asubuhi ni mgonjwa! Nilikwambia umwangalie!"

"Uliniambia ni mwizi," nilijibu.

Kisha mhudumu mmoja akaangua kicheko, na mwingine akafuata. Ndipo nilipoambiwa kwamba hapa Australia neno lile maana yake ni mgonjwa pia, na kwamba kila mtu analijua hilo. Kila mtu! Nesi peke yake hakucheka. Alinipa fomu niandike kilichotokea.

Niliiandika kwa Kiingereza pekee nilichokuwa nacho. Niliandika kwamba inadaiwa mhudumu alishindwa kutoa taarifa, na kwamba uchunguzi unaendelea. Meneja aliisoma, akavua miwani, akaniuliza kama nahitaji mkalimani. Alikuwa na adabu sana. Kwa wiki kadhaa nilirudishwa kwenye kufua.

Mume wangu naye alicheka nilipomsimulia, mpaka alipouona uso wangu. Binti alikuwa mezani na kazi zake za shule. Hasira yote nikaimwaga kwake.

"Wewe unaongea na watu hawa kila siku. Kwa nini hukuniambia kwamba hakuna anayeongea kama redio?"

Alinijibu kwa Kiingereza, kwa makusudi: alikuwa ameniambia, mara nyingi, na kila mara nilimkatiza nikisema humu ndani ni Kiswahili tu.

Ilikuwa kweli. Sheria niliiweka mimi mwenyewe tulipofika, nikiogopa mtoto asije akasahau lugha yetu: Kiingereza kiishie mlangoni. Yaani nilimfunga mdomo mtu aliyekuwa nacho, kisha nikakaa wiki nzima na filamu moja nikikitafuta. Sijui niliona uchungu zaidi kwa ajili ya lipi, yule mzee au hilo.

Tulijaribu kurekebisha. Tukakubaliana nusu saa kila Jumapili baada ya kanisa, yeye mwalimu, mimi mwanafunzi. Jumapili ya kwanza alinirekebisha neno moja mara sita, akazungusha macho, nikamwambia asinizungushie macho mimi mama yake, na somo likaishia hapo. Jumapili ya pili tulivumilia kidogo zaidi.

Mzee alirudi kutoka hospitali baada ya siku tisa, amepungua mwili lakini mdomo ni uleule. Wenzangu walikuwa wamemsimulia yote. Niliporudishwa zamu za kawaida nilikwenda kumwomba msamaha, naye alicheka mpaka akakohoa. Akaniita askari. Asubuhi ananinyoshea mikono yote miwili nimtie pingu. Mezani anawaeleza wageni wa wenzake. Ndugu za wazee wengine, watu nisiowajua, wakaanza kunikonyeza kwenye korido. Walijua ni utani na walidhani nafurahi nao. Na kila walipocheka mimi niliiona ile mikono ikitetemeka, na mimi nimeipa mgongo.

Nilivumilia wiki mbili. Siku moja, wakati wa chakula cha mchana, alinyosha tena mikono. Nikaweka sahani chini. Maneno yakaja yenyewe, bila mtangazaji wala mpelelezi ndani yake. Nilimwambia: naomba uache. Ulikuwa mgonjwa sana, na mimi nilisimama mlangoni bila kukusaidia. Kwangu hilo si la kuchekesha.

Ilikuwa sentensi bora kuliko zote nilizowahi kusema kwa Kiingereza. Niliisikia ikitoka nzima, imenyooka.

Mzee akatega sikio. "Eh? Sema kwa nguvu, mpenzi."

Kifaa chake cha masikio kilikuwa chumbani.

Watu wa meza za jirani wakageuka kututazama. Ilinibidi nirudie, kwa sauti, na safari hii maneno yakagongana, vitenzi vikapotea, nikachanganya "mimi" na "wewe", na machozi ya hasira yakanitoka katikati. Lakini alielewa. Alirudisha mikono mapajani, akasema, "Sawa." Hakuniita askari tena. Wenzangu wawili watatu wanaendelea mpaka leo, na huwa siwajibu.

Bado nafanya kazi palepale. Siku hizi nauliza. Nesi akisema neno nisilolijua, nanyosha mkono mbele ya wote na kuomba anieleze, hata wengine wakitazama saa ukutani. Juzi nilimsimamisha mara tatu katika maelezo ya mzee mmoja. Mara ya tatu alishusha pumzi ndefu, akalieleza neno kama anayemweleza mtoto wa chekechea. Maana yake ilikuwa tu kwamba yule mama wa chumba cha tatu ameamka na hasira. Nilimshukuru, nikaandika neno kwenye kiganja, nikaenda kumpelekea yule mama uji wake.