Kura ya Rozalia

Wanawake wa Kalinzi nawajua karibu wote, lakini aliyekatwa vidole kwa sababu ya mkutano wa wanahisa ni jirani yangu Rozalia peke yake.

Mumewe, Pastory, alifukiwa na udongo hadi kufa akichimba mfereji wa maji wa mtambo wa kumenya kahawa. Mtambo ni wa kampuni yetu wakulima, na hakuna aliyekuwa na hisa nyingi kama Pastory. Mwaka huu akaja mnunuzi anayetaka kuimeza kampuni nzima na kuuhamishia mtambo Mwanga, mbali na kwetu. Hadi kahawa mbivu ya Rozalia ifike huko, ingekuwa imeoza, naye hana kingine cha kulishia watoto.

Sheria inataka wenye robo tatu ya hisa wakubali, ndipo kampuni iuzwe. Sisi wengine tulikuwa tumegawanyika. Hisa za marehemu ndizo zingeamua.

Shemeji yake, Gervasi, alikuwa ameahidiwa uwakala na yule mnunuzi. Asubuhi ya mkutano alimkuta Rozalia uani, amejiandaa kuondoka, cheti cha hisa mkononi.

"Shemeji, nipe cheti cha hisa za kaka."

"Cheti ni cha watoto."

"Mali ni ya ukoo! Wewe umeolewa tu hapa."

Rozalia akakikumbatia. Gervasi akachomoa panga, mwanamke akakinga kwa mkono wa kushoto, vidole viwili vikaanguka kwenye maharage yaliyoanikwa. Bado hakuridhika, akampiga teke la tumbo, akakwapua cheti na kwenda zake. Shetani mkubwa yule.

Lakini alikosea. Huku kwetu anayeshika karatasi ya shamba ndiye mwenye shamba, naye akadhani hisa ni vivyo hivyo. Hakujua kwamba mahakama ilishampa Rozalia usimamizi wa mirathi, na kwamba Elia, katibu wa kampuni, alishaandika jina la mjane huyo kwenye daftari la wanahisa. Kwenye kura, linalosomwa ni daftari.

Nilikuja mbio, nikamfunga Rozalia mkono kwa kanga. Zahanati alikataa katakata mpaka apige kura. Tulipofika mlangoni, Elia alikuwa akiita jina lake.

"Hisa hizo ninazo mimi," Gervasi akasema, akipunga cheti.

"Jina lako halimo, Mzee Gervasi."

"Nipo," Rozalia akasema nyuma yao. "Nakataa."

Robo tatu haikufika. Mnunuzi akakusanya makaratasi yake, akatoka bila kuaga mtu.

Watu wakaitazama kanga iliyolowa damu, kisha wakakitazama cheti, nacho kina damu. Mtu akafunga mlango. Fimbo ya kwanza ilimvunja Gervasi taya, zilizofuata sikuzihesabu.

"Shemeji!" alilia akiwa chini. "Waambie waache!"

Wangeacha. Neno lake moja lilitosha, na kila mtu mle ndani alijua hivyo. Rozalia akainama, akaokota cheti, akakifuta kwa gauni lake.

"Haya," akaniambia, "sasa nipeleke zahanati."